Aliyeomba Maji Akiwa na Mtungi Kichwani

Hili lilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hutaweza.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nimetoka chuo cha afya juzi tu, nikatumwa kuzunguka Masasi na Newala na gari la afya, lile lenye kitanda na jiko ndani. Dereva wangu, Baba Anjela, alikuwa mtu mzima wa Chiwata. Tulipiga kambi ukingoni mwa Newala, pale njia ya kisimani inapoporomokea bondeni. Huko juu hakuna maji. Wanawake huyapandisha kwa kichwa.

Siku ya tatu Baba Anjela akashikwa na kuhara na homa. Kufikia alasiri midomo imempasuka, macho yameingia ndani. Tulibakiwa na debe moja, tena la matope. Maji machafu yangemmaliza, hilo nimelisoma. Lakini bila maji je? Si angemalizika vilevile?

Nikayachemsha, nikayapitisha kwenye kitambaa, nikayamimina kwenye chujio letu: mitungi miwili iliyopandana, maji yanadondoka kutoka wa juu kwenda wa chini, tone, tone. Ilipopatikana nusu kikombe, nikaona kitu kinaelea. Uzi? Mdudu? Nikarudisha yote juu, nikaanza upya. Mara mbili!

"Bwana afya," Baba Anjela akaita kutoka ndani, sauti imekauka, "unachuja maji au unafanya mtihani?"

Hapo akatokea mama mmoja njiani, ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, mtungi kichwani umejaa hadi ukingoni, wala hautikisiki.

"Shikamoo, mama."

"Maji."

Hakuitikia marahaba, sikia vizuri.

"Lakini mama, una mtungi mzima!"

"Haya ni ya watu. Nipe yangu."

Nikawaza: nikimpa, mgonjwa je? Na nikimpa yasiyo safi, akiugua? "Subiri kidogo, mama. Hayajawa tayari."

Akacheka kicheko kikavu. "Na wale wa mahema waliniambia subiri."

Niliinama kutazama chujio. Kuinuka, hayupo! Mchangani kuna nyayo zangu tu. Na chujio, amini usiamini, lilikuwa kavu juu na chini, kama limetoka tanuruni.

Nikaruka ndani ya gari. Baba Anjela ameketi, anakunywa kwenye kata ya kifuu tusiyokuwa nayo, maji ya matope yanamtiririka kidevuni.

"Usinywe!"

"Nipishe huko! Mama wa watu amenihurumia, wewe unahesabu matone."

Akamaliza, akalala, akaamka akidai ugali. Mzima!

Asubuhi niliwaeleza wanawake waliokuwa wakitoka kisimani. Wakatua mitungi yao. Walimjua. Mwaka wa ukame aliomba maji kwenye kambi ya wapima barabara, akaambiwa asubiri. Akaanguka akafa palepale, mtungi wake haujaguswa, kwa kuwa maji yake alikuwa anawapelekea wagonjwa nyumbani.

"Huku anayeomba maji anapewa kwanza," mmoja akasema. "Maneno baadaye. Wewe ulimwambiaje?"



Baba Anjela hakuugua tena. Mimi ndiye niliyebaki na kiu. Kila alasiri hunishika: ninywe kikombe, ninywe ndoo, koo halilowi. Madaktari wamenipima, hawaoni kitu. Basi nawe, ukisimama kwenye mteremko ule na mtu akakuomba maji, usimwangalie kichwani, usimwulize kwao. Mpe, hata kama ndiyo funda lako la mwisho.