Mfua shuka aliyekataa sare

Saa moja asubuhi, mvuke umeshajaa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anashika pembe mbili za shuka, mwenzake anashika mbili nyingine. Wanakunja, wanakutana katikati, wanaachana. Hadi mchana watakuwa wamekunja shuka mia nne.

Hapa wanamwita Mama Shuka. Lakini leo Jumatatu, kila anayeingia na kikapu cha nguo chafu ana salamu mpya.

"Shikamoo, bingwa!" anasema mhudumu wa wodi.

"Marahaba. Hizo zenye damu zitenge," anajibu bila kuinua macho, ila tabasamu limemponyoka.

Juzi, kwenye ligi ya vilabu vya sataranji, mama huyu alimshinda mwalimu wa hesabu wa chuo, mtu mwenye alama za ubora 1,940. Yeye ana 1,460. Kwa asiyeujua mchezo, ni kama timu ya mtaani kuifunga timu ya ligi kuu.

Sataranji aliijulia humu humu. Mashine kubwa hufua kwa dakika arobaini, na zamani muda huo uliishia kwenye umbea. Miaka tisa iliyopita mwendesha mashine, mzee mpole ambaye sasa amestaafu, alikuja na ubao wenye kete pungufu. Farasi mmoja alikuwa kizibo cha chupa.

"Alinifunga miezi saba mfululizo," anakumbuka. "Nikifika nyumbani nimenuna, mume wangu ananiuliza, 'Leo tena?' Siku nilipomfunga mimi, nilipika huku naimba. Mume wangu akadhani nimepandishwa cheo."

Klabu yake hukutana ghorofani, kwenye maktaba. Jumamosi hiyo ilihitaji walau sare na wapinzani wao ili isishuke daraja. Meza nne zilipangwa kwa kura, na kura ikamtupa Mama Shuka kwa mwalimu.

"Nahodha alinipa pole kabla sijakaa," anasema akicheka.

Saa tatu baadaye, meza tatu zilikuwa zimemaliza na vilabu vilikuwa sawa. Ukumbi mzima ukahamia kwao. Ubaoni zilibaki kete chache: kila mmoja alikuwa na mfalme na ngome, na askari mmoja wa Mama Shuka alikuwa hatua moja tu kabla ya kugeuka malkia, kete yenye nguvu kuliko zote. Mfalme wa mwalimu alikuwa amekaa pembeni, akimzibia askari huyo njia.

Mwalimu akanyoosha mkono. "Mama, tukubaliane sare."

Sare ingeiokoa klabu. Nahodha, fundi saa wa makamo, alikuwa ameshaanza kushusha pumzi.

"Mkono ulinitoka kwenda kuupokea," anasimulia Mama Shuka. "Halafu nikajiuliza, mtu mkubwa kama huyu ananiomba sare mimi, kwa nini? Kuna kitu amekiona. Na mimi ngoja nikitafute."

Akaurudisha mkono mapajani. Akatafuta kwa dakika kumi na moja.

"Nilitaka kulia," anakiri nahodha. "Nikasema huyu mama anatuzamisha."

Kisha Mama Shuka akaisogeza ngome yake, akaiweka ubavuni kwa mfalme wa mwalimu, iliwe. Mwalimu aliitazama, akatabasamu kwa uchungu. Mfalme akiila, anaiacha njia. Asipoila, anafukuzwa vilevile. Akaila. Askari akapiga hatua yake ya mwisho, akawa malkia. Hatua sita baadaye mwalimu akamlaza mfalme wake ubaoni.

Hakuondoka. Alivuta kiti, wakaurudia mchezo wote pamoja.

"Umejifunzia wapi, mama?"

"Nikisubiri nguo zifuliwe."

Binti yake alipopigiwa simu alipiga yowe ofisini kwake. Mume, kwa upande wake, alipokea habari kwa utulivu. "Kwa hiyo leo unapika ukiimba?" Akajibiwa kwamba leo atapika yeye mwenyewe.

Sasa Mama Shuka ana mpango. Wagonjwa wa wodi ya mifupa hulala wiki nane bila la kufanya, na muuguzi mkuu amemkubalia apeleke mbao mbili za sataranji kila Jumatano baada ya zamu. Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana, dereva aliyevunjika paja.

"Nitawafundisha kwa upole," anasema, akishika pembe za shuka nyingine. "Lakini asifikiri mtu kwamba nitamwachia ashinde kwa sababu ana plasta."