Mzee Asiyechuma

Kila asubuhi, akienda kutunza wagonjwa kule Auderghem, ughaibuni, Kasoki humkuta mzee mmoja amepiga magoti kwenye majani yenye majimaji kando ya msitu. Hushika jani moja dogo, akalisokota taratibu vidoleni, akalichungulia kwa kioo chake cha kukuzia huku midomo ikichezacheza, kisha akaliacha palepale.

“Hachumake kitu,” Kasoki alimwambia Carine, mwenzake wa kazi. “Bon, muganga gani hachumake?” Akamsimulia alivyoonywa na bibi yake kule Butembo kuwa anayeinamia majani bila kuchuma huyasemesha, akayatuma kwa mtu kumdhuru.

Leo alisubiri mzee aondoke, akainama, akasokota jani lilelile. Bua lilikuwa na kingo tatu, kama ndago zilizomchosha kung'oa shambani kwa mama yake.

“Ndago, na weye ulifikaka huku?”

Nyuma yake Carine alikuwa amesimama njiani, hasogei. “Kasoki, unasema na nani?”