Alama ya Kijani Isiyo Yake

Mi sina subira na watu wema. Nasema mapema ili msinishangae. Nilitoka Uvira mwaka 1998 na mtoto mgongoni, nikafika Bujumbura ambako nako walikuwa wanapigana, na tangu hapo kila mtu mwema niliyekutana naye ameniongezea kazi. Mzee Népomuscène ndiye aliyenichosha kuliko wote.

Mwaka 2003 nilikuwa nasimamia siber moja katikati ya mji, duka la intaneti lenye kompyuta sita, mbili mbovu. Umeme ukikatika tunangoja. Ukirudi, intaneti nayo imelala. Mzee alikuja kila Jumanne asubuhi, koti la kijivu, bahasha kwapani. Alikuwa amestaafu. Miaka thelathini na moja alichambua barua posta, na muda wote huo alikusanya tembre, yaani stempu. Alikuwa nazo hata za wakati wa Wabelgiji, na huko Ulaya kuna watu wanazitafuta mpaka wanakosa usingizi. Binti yake Joëlla, aliyekuwa anasoma Brussels, alimfungulia ukurasa kwenye mnada wa intaneti. Malipo yalifika kwa Joëlla, yakamsaidia na chumba na chakula. Mi kazi yangu ilikuwa kuandika, maana mzee hakutaka kabisa kugusa mashine.

Mnada ule una desturi yake. Biashara ikiisha, mnunuzi anamwekea muuzaji alama, na muuzaji anamwekea mnunuzi: kijani kama umeridhika, nyekundu kama umedhulumiwa, pamoja na mstari mmoja wa maneno ambao dunia nzima inausoma. Alama yako unaweza kuibadilisha ndani ya siku tisini tangu biashara. Zikipita, imebaki hivyo milele. Wauzaji wajanja hawatangulii kusema. Wanangoja mnunuzi aseme kwanza, ili akiwapaka matope nao wampake. Nilimweleza Papa Joëlla, ndivyo nilivyomwita mzee, jambo hilo hadi nikachoka.

"Mutu amelipa," alinijibu. "Kazi yake imeisha. Ya nini nimuweke roho juu?"

Basi pesa ikifika tu, siku hiyohiyo tunaweka kijani. Yeye mwenyewe alikuwa na kijani arobaini na moja, na Jumanne nyingine alikuja kuzisoma tu, hana cha kuuza.

Mwezi wa saba, mzungu mmoja wa Ghent, kule Ubelgiji, Bwana Lambrechts, alishinda mnada wa stempu kumi na mbili zenye picha za ndege wa mwituni. Alilipa saa ileile. Mzee akamwekea kijani, na kesho yake akapeleka bahasha posta. Wiki hiyo mabomu yakaanza kuanguka upande wa kusini wa mji. Watu walikimbia na magodoro kichwani, na barua za nje zikabaki zinangoja ndege. Nani angemweleza hayo mtu wa Ghent? Mi nilimweleza, barua pepe tatu, hakujibu hata moja. Wiki ya tano akaweka nyekundu: "Mwizi. Nimelipa, sijapata kitu. Jihadharini na watu wa nchi hii."

Nilimsomea mzee. Akaniomba nisome tena, polepole. Kisha akauliza kama Joëlla anaweza kuyaona maneno yale, na marafiki zake, na walimu wake.

"Kila mutu anaona, Papa Joëlla."

Tangu siku hiyo wanunuzi walipungua, na mwisho wakakatika kabisa. Lakini si hilo lililomuumiza. Zamani akiingia alikuwa anasalimia kila mteja, mmoja mmoja, na habari za watoto. Sasa aliingia kimya, akakaa, akauliza kama nyekundu bado ipo. Ilikuwepo. Niliumia kumtazama, na mi nikiumia huwa nakuwa mkali.

Wiki ya tisa bahasha ikafika Ghent. Lambrechts aliandika mistari miwili: stempu amezipata, ziko nzuri, ila amengoja mno na alama yake inabaki. Nikasema, huyu tunamuweza.

"Papa Joëlla, tumpige nyekundu. Yeye pia anauza pale, ana kijani mia tano, hatakubali zichafuke. Atakuja mwenyewe kuomba kila mmoja abadilishe yake. Wote wanafanya hivyo."

"Nimuandikie nini? Kwamba hakulipa?"

"Chochote."

"Apana, mwanangu. Alilipa saa ileile."

Nikamuona mjinga, wacha niseme ukweli. Siku zilikuwa zinakwisha. Siku ya themanini na sita, siber ikiwa tupu, nilifungua ukurasa wake, maana namba ya siri nilikuwa nayo. Nikageuza kijani ya Lambrechts kuwa nyekundu, nikaandika: "Muongo. Amepokea mzigo, anakana ili arudishiwe pesa." Lambrechts hakuwahi kudai pesa, na nilijua. Chini ya maneno yale jina lilijitokeza lenyewe, la mzee, si langu.

Baada ya siku mbili tu Lambrechts akajibu: geuza yako, nageuza yangu. Nikageuza, akageuza. Siku tisini zikatimia, ukurasa wa mzee ukawa safi. Barua zote za ugomvi huo nilizifuta.

Jumanne nilimwonyesha. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo, akabaki hapo.

"Ameona haya mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyemulazimisha. Orpha, huyu ni mutu wa kushukuru."

Siku ile alisalimia siber nzima. Halafu akaomba kalamu, akamwandikia Lambrechts kurasa mbili kwa mkono, za kumshukuru kwa uungwana wake, akatia ndani stempu nne zenye picha ya kiboko ambazo hakuwa anaziuza kwa bei yoyote. Akanipa nihakikishe anwani. Ningeweza kusema pale pale. Nilitazama ule uso wake, nikasema anwani iko sawa.

Wanunuzi walirudi, na mi nikaanza kusahau. Kisha mzee akaja siku ya Ijumaa. Aliweka barua juu ya meza yangu, na zile stempu nne za kiboko juu yake. Lambrechts alikuwa amezirudisha. Aliandika kwamba hawezi kupokea zawadi ya mtu aliyemwita muongo mbele ya dunia ili kumshurutisha, kisha akamshukuru kwa uungwana. Aliuliza kama mzee anamcheka.

"Ni we?" mzee aliuliza.

"Ni mi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka.

"Irudishe ile nyekundu aliyoniwekea," alisema.

"Haiwezekani, Papa Joëlla. Siku zimepita."

"Ile aliyoniita mwizi, nilijua mi si mwizi. Nilikuwa nalala. Sasa huyu bwana anasema kweli, na mi sina la kumujibu."

Nilimwambia nitamwandikia Lambrechts, nitakubali yote, kwa jina langu. Akasema niandike. Niliandika huku nalia kwa aibu, naye akanitaka nimsomee, nikasoma, akaniruhusu kutuma. Nilidhani yameisha.

"Sasa funga ukurasa," alisema.

"Wote? Na zile kijani zote? Papa Joëlla, zile ni za haki, ulizifanyia kazi."

"Nitajuaje ni zipi?"

Nilikula kiapo kwamba niliyoichezea ni ile moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza mtu asiyemjua. Mashine ikauliza kama tuna hakika. Mi sikuweza. Akausogeza mkono wangu pembeni, akabonyeza mwenyewe.