Mkono wa Mama Mkwe na Pumzi ya Binti Yangu

(Kisa hiki kimeletwa na msomaji wetu wa Karagwe. Jina lake, la mumewe na la kijiji alikoolewa tumeyaficha kama alivyoomba. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu. Mtunza ukurasa.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Ihanda, nimeolewa na mwalimu wa shule ya misheni. Shule niliishia darasa la nne. Mtunza ukurasa atanisamehe mwandiko, naandikia juu ya goti huku mwanangu amelala kifuani.

Binti yangu alizaliwa wiki tano zilizopita, kabla ya siku zake, hapa hospitali nilikoletwa kwa machela. Ni mdogo hata naogopa kuusema udogo wake. Siku za kwanza alikuwa akinyonya mara mbili tatu, kisha kimya, midomo inakuwa ya buluu, nami napiga kelele wodi nzima inasikia. Nesi wetu, dada mmoja wa Muleba asiyecheka ovyo, aliniambia ninyamaze kwanza, ndipo akamchukua mtoto.

"Huyu hajajua bado kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu," alisema. "Ukimharakisha, maziwa yanakwenda njia ya pumzi."

Basi tunamlisha hivi. Nakamua maziwa yangu kikombeni, namlaza ubavu kichwa kikiwa juu kidogo, nagusisha kijiko mdomoni. Akimeza mara tatu naondoa kijiko nangoja avute pumzi. Pua zikianza kutanuka au midomo ikibadilika rangi naacha kabisa, namwinua, namsugua mgongo. Akichoka sana nesi humpitishia maziwa kwa mpira mwembamba mpaka tumboni. Vijiko vinne hutuchukua muda wa kumenya ndizi za watu kumi. Mikono inakufa ganzi, lakini midomo yake imerudi rangi yake.

Siku niliyofundishwa hayo nilitoka nje, nikakaa nyuma ya jiko la hospitali nikalia. Nesi alidhani nalia kwa furaha.

Huyu si mtoto wangu wa kwanza. Miaka miwili iliyopita nilijifungua mvulana nyumbani, naye kabla ya siku zake. Hakuweza kunyonya. Mama mkwe akasema tumnyweshe kwa kiganja, kama walivyofanya kwao siku zote. Mtoto hulazwa chali juu ya miguu ya bibi yake, bibi anakikunja kiganja kama kikombe chini ya mdomo, maziwa yanamiminwa mpaka yaufunike, na mtoto asiyetaka kumeza humeza kwa sababu anatafuta pumzi. Mama mkwe alikata kucha, akanawa, akaupaka mkono samli. Aliyeshika kibuyu cha maziwa ni mimi. Mtoto alikohoa, nikasita.

"Mimina, mwana wangu," akaniambia. "Akilia ndiyo anameza."

Nikamimina. Kila siku nilimimina. Siku ya kumi na moja alikuwa wa buluu mikononi mwa bibi yake, na pumzi haikurudi. Majirani walisema amekuja duniani na pumzi fupi, nasi tukakubali. Mama mkwe alitoa shuka yake nzuri tukamzikia, kisha akalala chini kando yangu mwezi mzima, akinipikia na kunifuta machozi. Wengine mnaandika hapa kulalamikia mama wakwe. Mimi wangu nampenda, na shida yangu ndiyo hiyo.

Jumapili iliyopita alikuja kututazama, kwa miguu, na miaka yake sitini na ushei. Nesi hakumruhusu kuingia kwa watoto, akachungulia dirishani. Nikatoka nikampa shikamoo, naye kwa furaha akasahau hata kuitikia.

"Mawe, mama yangu! Si ni mimi mtupu yule!" alisema. "Ng'ombe wake nimeshamtenga. Siku mtakayorudi nitamnywesha kwa mkono wangu huu, anenepe."

Akaninyooshea mkono niuone. Alikuwa amekwisha kata kucha.

Mume wangu nimemweleza nusu tu, kwamba nesi amekataza kiganja. Akanijibu, "Mama amelea tisa kwa mkono huo, na mimi ni mmoja wao. Ukimnyima mjukuu bila sababu ya maana umemtukana." Sababu ya maana ninayo. Lakini nikiitoa, nitakuwa namwambia mama huyu kwamba mkono wake ndio uliomuua mjukuu anayemlilia hata leo, na namwambia mume wangu kwamba maziwa yalimiminwa na mkewe. Nikinyamaza, je, nimlaze na huyu juu ya miguu ile ile? Siwezi. Afadhali nirudi kwa baba yangu Ihanda nikalime maharage.

Nesi anasema tutaruhusiwa baada ya wiki sita hivi, mtoto akiweza kunyonya bila kukatika pumzi. Huo ndio muda nilio nao. Ninyi mliolea, ninyi mliozika, ninyi mnaoishi na wakwe zenu vizuri, niambieni: ukweli huu niuanzie wapi, au niufukie na nimlinde mtoto kwa uongo gani?

Jambo la mwisho. Gazeti hili likifika, mume wangu humsomea mama yake barazani, na ukurasa huu ndio mama mkwe anaoupenda kuliko zote. Hangoji kisa kiishe, hutoa shauri katikati: "Huyo aachwe," "Huyo asamehewe." Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asinitambue upesi. Majibu yenu nitayasoma yote, nawashukuru. Lakini shauri ninalolingoja kwa hofu ni lile atakalolitoa yeye.