Siku Mtambo Wangu wa Sauti Ulipomuua Papa Directeur

Haya, chekeni mapema tumalize, maana pale Likasi wapo watu ambao hadi leo wakiniona napita sokoni Kikula wananiita Morgue, yaani nyumba ya maiti, nami najifanya kiziwi. Aibu hii sikuletewa na mtu, niliiunganisha mwenyewe kwa waya na bisibisi.

Mnakumbuka miaka ile ya tisini ilivyokuwa: migodi imelala, simu kimya kwa sababu nyaya za shaba zimeibwa, na umeme wa bwawa la Koni unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye maringo. Papa Kabamba, tajiri wa usafirishaji niliyekuwa karani wake, alibaki na lori moja linalotembea, lakini alitaka aitwe Directeur Général, na siku moja akasoma kwenye gazeti la Ulaya kwamba kampuni za kisasa zina mtambo mmoja unaopokea ujumbe wote wa sauti, kuuhifadhi, kisha kumpelekea kila mtu wake. Akaniita.

"Ilunga, minye nataka hii système. Ikitembea, ile nyumba ya nyuma ya dépôt iko yako."

Jamani, nyumba! Mimi, mke na watoto tulikuwa tumebanana kwa shemeji yangu, tukilala kwa zamu ya kugeuka, basi siku ile hata angetaka ndege ningemwambia ndiyo Papa. (Fundi aliyejua mambo haya kweli alikuwa ameshapanda treni ya Kasai na wenzake waliofukuzwa kwa sababu ya asili yao ya huko, na sisi tuliobaki tukawa mabingwa kwa kukosa wapinzani.)

Nikaunganisha simu, ile iliyokufa, kwa heshima tu. Nikaunganisha fonia, redio yetu ya kuzungumza na Lubumbashi, ambayo hata majirani walikuwa wakiitumia. Vyote vikaingia kwenye rekoda moja ya kaseti iliyojiwasha yenyewe sauti ikiingia, na kutoka hapo waya zikaenda kwenye spika: moja ofisini, moja dépôt, yaani ghalani, na moja kubwa, ya kwaya ya parokia, kwenye ua wa Directeur. Kaseti tupu hazikupatikana, kwa hiyo kila asubuhi nilirudisha ileile mwanzo na kurekodi juu ya ujumbe wa zamani. Kufuta kwanza? Kwa nini nihangaike, wakati mpya unamfunika wa zamani? Uamuzi mdogo tu, ndugu zangu.

Siku yenyewe Papa Kabamba alikuwa Lubumbashi. Umeme ulikatika mchana, ukarudi, nikaona rekoda imepokea kitu. Mama Ngoie, mkewe, alikuwa ameketi uani na kina mama wa parokia.

"Ilunga, ufungule ile masini, hawa bamama basikie vile batu ba kisasa banayuwa habari!"

Nami badala ya kusikiliza kwanza peke yangu kama mtu mwenye akili, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

"Allô Likasi, allô Likasi," ikasema sauti ya opereta wetu wa Lubumbashi. "Ni message ya Mama Ngoie. Ni juu ya Patron. Tangu asubui..." Ikakwaruza kidogo, kisha sauti ileile ikaendelea: "...alituacha ku hôpital. Mungu amupokee. Mwili itafika leo na camion. Mutengeneze kilio."

Umeme ulikuwa umekatika katikati ya ujumbe, kabla opereta hajasema kwamba Papa yuko njiani kurudi, na chini yake kwenye kaseti kulikuwa na tangazo la msiba wa jirani, la wiki iliyopita. Leo naeleza vizuri, lakini wakati ule hata mimi niliamini, kwa sababu mtambo ni wangu na niliuona hauwezi kukosea.

Mama Ngoie akaanguka chini akilia. Viti vikatolewa nje, moto ukawashwa, wafanyakazi wakaja mbio, hata ndugu wa kule Kakontwe wakafika na kuni. Nami, kwa kutaka sifa, nikaweka maikrofoni uani ili kilio kirekodiwe kwa ajili ya ndugu wa mbali. Kisha nikajitupa mavumbini. Nililia kuliko wote, na machozi yalikuwa ya kweli.

Jioni lori likaingia. Wanaume wakakimbilia nyuma kushusha sanduku, wakakuta magunia ya chumvi. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka Papa Kabamba, akaona moto, akaona watu wameketi chini, akashika kichwa.

"Mama Ngoie! Mama Ngoie ee! Muke wangu alikufa!"

Mama Ngoie kusikia sauti ya marehemu, akaruka ukuta. Yule mama mnene! Directeur akamwona anakimbia, akamkimbiza akilia, naye akazidi mbio, mpaka walipogongana kwenye lango la jirani na kushikana wasiachiane. Ndipo nilipoona jinsi wale wawili wanavyopendana, na nikatamani ardhi inimeze.

Kesho yake Papa Kabamba alituita sote uani, akaweka mwenyewe ile kaseti ya kilio chake. Spika zote zikafunguka. Tukamsikia msaidizi wake akiuliza funguo za dépôt ziko wapi kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha. Kisha ikaja sauti yangu, safi kabisa:

"Papa weee! Unaenda, na nyumba yangu uliachia nani? Nyumba, Papa! Nyumba weee!"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Papa Kabamba akazima. "Njo vile ulikuwa unalilia minye?"

"Papa, nilikuwa nalilia bote babili," nikasema.

Papa akachomoa kaseti. "Utaingia mu ile nyumba, juu ya batoto. Lakini ile masini, usiiguse tena. Utabeba message na kinga."

Kinga ni baiskeli. Basi nikawa mtambo mimi mwenyewe, nikipeleka habari kwa mdomo jua na mvua, na niliapa kwamba sitafikisha neno ambalo sijalisikia mpaka mwisho. Nyumba niliipata, watoto wangu walikulia humo. Lakini kila nilipofika kwa Mama Ngoie na ujumbe wa mumewe, kabla ya karibu, kabla ya maji, aliniuliza swali moja tu:

"Ilunga, hii ni ya leo?"