Futari Iliyokuja kwa Bodaboda

Nakumbuka jioni moja ya Ramadhani, mwanangu, nikiwa kijana mwenye gari la kwanza na kiburi chake. Nilisikia honi mlangoni. Kufungua, nikamkuta dereva wa bodaboda ameshika bakuli, mchuzi wa mbaazi umemmwagikia hadi kwenye suruali.

"Braza, mzigo wako. Unatoka kwa Bi Salma."

"Bi Salma yupi?"

"Huyo wa nyuma yako hapo! Mie mwenyewe nashangaa. Nimezunguka barabara nzima ya malori kuleta mbaazi nyumba ya pili."

Nilipokea bakuli, nikafunga mlango.

Sie tulitoka bara, Wakristo, tukahamia Temeke, nyuma ya barabara ya malori yaendayo Kurasini. Bi Salma alikuwa mjane wa Kiarabu mwenye duka, na nyumba yake ilipakana na yetu. Katikati palikuwa na kichochoro cha kupita watu wawili sambamba. Watoto walipita hapo kwenda shule, wagonjwa kwenda zahanati. Kila Ramadhani Bi Salma alipita hapo na bakuli la futari, na kila Krismasi mama yangu alipita hapo na sinia la pilau.

Kisha nikanunua pikapu. Uani haikuenea. Nikausogeza ukuta, nikakimeza kichochoro chote. Nilikuwa mtu wa haya, sikuweza kusimama mbele ya majirani nikaomba, basi nikajenga kimya kimya siku ya kazi, watu hawapo. Haya ilinizuia kuomba, haikunizuia kuiba.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Watoto wakaanza kwenda shule pembezoni mwa malori. Pikipiki zikajipanga kwenye kona yetu, injini zinanguruma toka asubuhi, kwa kuwa safari ya hatua mia sasa ilitaka petroli. Moshi wake ukaingia kwenye dirisha langu mwenyewe, na mama akaanza kukohoa. Nami nikawalaumu wenye pikipiki!

Asubuhi baada ya futari ile nikarudisha bakuli kwa miguu, nikizunguka barabara ya malori. Nilipofika kwa Bi Salma nilikuwa nimejaa vumbi. Alikaa kizingitini, miguu imemvimba.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Mbaazi zilifika?"

"Nusu."

"Nusu nyingine kavaa dereva." Hakucheka. "Miaka yote futari yangu ilikujia kwa miguu hii, ikifika inafuka moshi. Sasa inapanda pikipiki kwenda nyumba ya pili! Daktari kaniambia nitembee, presha ishuke. Nitembee wapi, Yohana? Chini ya matairi? Gari lako umelitafutia pa kulala, mie umenilaza ndani. Haya, nenda."

Nilikwenda moja kwa moja kuchukua nyundo.

Nilipoanza kuvunja, yule dereva wa bodaboda akaja kusimama. "Braza, unatuharibia kazi!" Kisha akavua koti, akanisaidia kubeba matofali. Gari nikaliegesha kwenye yadi ya mbali, na kwa kuwa ilinibidi kulifuata, niligundua kwamba siku nyingi wala sikulihitaji. Jioni ya tatu Bi Salma alitokea kichochoroni, polepole, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, bakuli la futari kwa mwingine. Bakuli liliniunguza vidole.

Mwanangu, sikusimulii haya kujifurahisha. Nina hasira. Toka Temeke hadi Mbweni watu wanameza njia. Penye njia ya miguu wameegesha magari, penye mwarobaini wamekata wajenge fremu za maduka, kisha wanakaa ukumbini kwenye kiyoyozi kuulizana joto na moshi vinatoka wapi. Vinatoka kwenu! Mmewafunga watu miguu, halafu mnawalaumu kwa kupanda pikipiki. Na juzi nimemkuta mjukuu wangu anapima kichochoro kilekile kwa utepe, anataka kuweka geti. "Babu, ni usalama tu," ananiambia. Usalama wa nani, ikiwa mtoto wa jirani ataponea chupuchupu kwenye lori? Nimeuchukua utepe. Nikiwa hai, geti halijengwi.

Basi sikia. Kabla hujajenga ukuta, simama hapo siku nzima uhesabu miguu inayopita. Ukiona aibu kuuliza majirani, ujue unajua jibu. Acha njia, acha mti, na safari ya karibu uiende kwa miguu. Ukifanya hivyo moshi utapungua, na mwenye presha atapona, na wewe utajua jina la jirani yako. Usiache mbachao kwa msala upitao: gari litachakaa, jirani ndiye atakayekuzika.

Mungu akupe miguu mizima na njia ya kuipitisha, na chakula cha jirani kikufikie kingali cha moto.