Mama Chaki na Kochi Lililotoka Nje ya Nguzo

Saa saba mchana, jua liko utosini. Mama Chaki amepiga magoti kwenye sakafu ya mawe, chini ya pergola, kibanda cha nguzo na mbao za juu kisicho na paa, kwenye hoteli ndogo ya ghorofa mbili. Makochi mapya yamemzunguka, lakini yeye hayatazami. Anatazama mistari ya chaki aliyoichora sakafuni kwa siku tatu, kisha anainua macho upande wa magharibi, na mkono unamwenda kichwani.

"Nani ameukata ule mmea?" anauliza kwa sauti ya chini.

Mtunza bustani anatabasamu, mkasi mkubwa mkononi. Amedamka mapema kuupunguza mmea wa kutambaa uliokuwa ukining'inia kama pazia, ili pahali papendeze. Alidhani anamsaidia.

Pazia hilo ndilo lililokuwa likizuia jua la saa kumi, na saa kumi ndiyo saa ya mtihani.

Hoteli ina pergola sita. Mwenye hoteli amempa moja ya majaribio, aipange viti, na hakimu ni mama mzazi wa huyo mwenye hoteli, bibi wa miaka sabini na sita asiyejua kusifia kitu kwa kumwonea mtu haya. Bibi akiridhika, Mama Chaki anapewa tano zilizobaki. Asiporidhika, mchezo umekwisha. Na hana pa kurudi: Ijumaa iliyopita bosi wake wa duka la samani, alikoshona mito kwa miaka kumi na moja, alimnyima ruhusa ya siku nne. Mama Chaki akamkabidhi funguo za duka, akaondoka.

Mumewe, dereva wa lori, alimuuliza kama mshahara nao utaletwa na kivuli.

"Nilimwambia ndiyo," ananiambia, na anacheka mpaka anafuta machozi. "Malipo ya kazi hii yote ni sawa na mshahara wa miezi saba dukani. Nisipocheka nitalia."

Jina la Mama Chaki alibandikwa na wasusi wa viti, kwa sababu haweki hata stuli bila kwanza kuchora kivuli kinapopita. Asubuhi, adhuhuri, alasiri, kila saa na mstari wake. Watu, anasema, hununua viti vya nje dukani, chini ya taa, halafu wanashangaa kwa nini wageni wao wote wanakimbilia sebuleni.

Kuchagua nako ni vituko. Kila kiti anakikalia na kuinuka mara kumi bila kushika kitu. Hilo alijifunza kwa aibu. Katika kazi yake ya kwanza ya pembeni aliwachagulia watu makochi ya chini, mapana, mazuri kweli. Siku ya kutambulishana wakwe, baba wa bwana harusi akazama, akashindwa kuinuka, ikabidi wanaume wawili wamvute mikono mbele ya ukoo mzima.

"Tangu siku ile sichagui kiti kwa macho," anasema.

Ndiyo maana hapa amekataa seti ya chuma aliyoipenda mwenye hoteli, kwa kuwa chuma kikipigwa na jua hakikaliki. Amechukua mbao nzito na viti vya kusuka, na mito yenye kitambaa kinachokauka upesi.

Sasa vyote vimepangwa katikati, na katikati patawaka jua. Mtunza bustani ameshaelewa alichofanya, tabasamu limemtoka. Anajitolea kuleta miavuli. Mama Chaki anakataa. Upepo wa hapa utaiangusha. Anazunguka nguzo mara mbili, anasimama, anazitazama mbao za juu. Zimesimamishwa kwa ubavu, hazikulazwa. Na ghafla anapiga makofi, nami naruka.

Jua likiinama, ananieleza huku keshaanza kusukuma kochi, vivuli vya zile mbao vinanenepa na kushikana. Ila vinakimbilia mashariki. Kwa hiyo makochi nayo yaende mashariki.

Saa mbili za kusukuma, kuvuta na kubishana. Mtunza bustani anashika upande mmoja, yeye wa pili. Kochi kubwa linavuka nguzo, nusu yake inakaa kabisa nje, juu ya majani. Sitaficha: mimi mwenyewe niliona kazi imeharibika.

Mwenye hoteli naye anafika, anakunja uso. Amejenga pergola kwa gharama yote ile, anauliza, halafu kochi linatolewa nje? Mama Chaki anamwomba asubiri saa kumi.

Saa kumi bibi anakuja taratibu, fimbo mkononi. Katikati ya pergola, pale pazuri pa kupigia picha, jua linawaka wazi. Analikwepa kwa kiganja usoni na kuendelea. Upande wa mashariki vivuli vimeungana kuwa kivuli kizito kimoja, kochi zima likiwa ndani yake. Bibi anakaa. Anaegemea, anavua viatu, anapandisha miguu.

"Mwanangu," anamwambia mwenye hoteli, "chai yangu niletee hapa hapa."

Mama Chaki anageuka, anamkumbatia mtunza bustani na majani yake yote shatini.

Zile pergola tano anaanza Jumatatu. Anataka kukodi chumba cha kazi chenye mlango mpana, makochi yaingie bila kuvuliwa miguu, na awaite mafundi wawili wa mito aliowaacha dukani. Wakati ananihesabia hayo kwa vidole, bibi anasogeza miguu yake, anapigapiga mto ulio wazi pembeni. Mama Chaki, aliyesimama tangu asubuhi, anasita kidogo, kisha anakaa.